Mechi Isiyo na Mwenyeji

Wachezaji wa Maestranza walipofungua mlango wa chumba cha wageni, waliwakuta wachezaji wa Estaño wamekwisha kukaa humo, nusu yao wakiwa na soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

Kisha Limbert, nahodha wa Maestranza, akaweka begi lake chini.

"Vijana, mmepotea. Chumba chenu ni kile cha ng'ambo, chenye maji ya moto."

"Cha maji ya moto ni cha mwenyeji," akajibu kipa wa Estaño, jitu nene ambalo mji mzima uliliita Gunia. "Na mwenyeji leo ni wewe, bwana mkubwa. Nenda kaoge, unanuka."

"Mimi? Mimi leo mgeni. Nimekuja na njaa yangu tu. Hata mpira sijaleta."

"Hata sisi hatujaleta mpira."

Wote wakacheka. Kicheko kikaendelea mpaka mmoja baada ya mwingine wakaelewa walichokuwa wanakicheka, nacho kikakatika.

Vilabu vitano vya mji wa Oruro vilitumia uwanja mmoja wa manispaa. Hakuna kilichokuwa na wake. Ratiba ndiyo iliyosema, Jumapili hadi Jumapili, nani ni mwenyeji. Mwenyeji alileta mipira, askari na gari la wagonjwa, naye akapewa chumba chenye maji ya moto na mapato ya mlangoni. Mgeni alileta miguu yake. Vilabu viwili vya humo vilipokutana, kila kimoja kilikuwa kimezaliwa pale, na mashabiki wake walikaa upande wao ule ule wa siku zote. Siku hiyo neno mwenyeji halikuwa na maana nyingine ila gharama.

Erlinda Colque, mwakilishi wa Maestranza, alifika akitweta, akiwa bado na harufu ya mafuta ya kulainishia vyuma kutoka kwenye duka lake la nati na boliti. Nyuma yake aliingia mwakilishi wa Estaño, Gumercindo Arispe, mtu mrefu aliyemshika binti wa Erlinda siku ya ubatizo. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuitana kwa majina. Yeye alikuwa compadre, naye Erlinda alikuwa comadre, kama wanavyoitana mzazi na msimamizi wa ubatizo.

"Compadre, waambie watoto wako watoke. Leo ni zamu yenu kukaribisha."

Aliyejibu ni refa, Bwana Ovando, aliyekuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi.

"Kwa mujibu wa ratiba ya chama, mwenyeji ni Maestranza. Askari nimewaona, wamebaki tangu mechi ya asubuhi, wanakula mishikaki. Mpira tutaazima. Ila sijaona gari la wagonjwa. Liko wapi, Doña?"

Erlinda alimtazama compadre wake.

Katika duru ya kwanza Estaño ndio waliokuwa wenyeji. Mvua ya mawe iliwafukuza uwanjani kabla ya mapumziko, na mechi ikapangwa kurudiwa katikati ya wiki. Mara ya pili Estaño hawakuweza kupata gari la wagonjwa. Gumercindo alikwenda dukani kwa Erlinda na kofia mkononi. Alisema: hii ibebe wewe, comadre, na ile ya duru ya pili nitaibeba mimi. Erlinda alileta gari, alileta mipira, na vijana wake wakaoga maji ya moto. Kwa hesabu yake, zamu ya Maestranza ilikuwa imekwisha siku ile.

"Ulisema utaibeba," akasema.

"Nilisema. Nikaenda chamani, wakaniambia ratiba haibadilishwi kwa maneno ya majirani. Nilidhani wamekuambia."

"Wewe ndiye wa kuniambia."

"Ndiyo," alisema Gumercindo.

Bwana Ovando akakohoa. Sheria ilikuwa fupi, naye aliisema kwa ufupi. Bila gari la wagonjwa, mechi haianzi. Baada ya saa ya kuanza, refa anasubiri nusu saa. Ikipita, wageni wanapewa ushindi wa mezani, mabao matatu kwa bila, isipokuwa wageni wenyewe wakubali kwa saini kuongeza muda.

Maestranza walihitaji sare tu. Bila sare walishuka daraja, na kilabu kilichoshuka daraja hakikucheza tena kwenye uwanja huu. Kilipelekwa kwenye viwanja vya changarawe nje ya mji, mahali ambapo upepo wa nyanda za juu unahamisha mpira kabla hujaupiga, na chumba chake cha kilabu chini ya jukwaa la kusini kilirudishwa kwa manispaa. Erlinda alikuwa ameona vilabu viwili vikienda huko. Cha kwanza kilidumu msimu mmoja. Cha pili hakikuumaliza. Karakana ya reli iliyoanzisha Maestranza ilikuwa imefungwa zamani, vichwa vya treni vimeuzwa kama vyuma chakavu, na mafundi wametawanyika hadi Chile. Kilichobaki cha karakana hiyo kilikuwa jezi, chumba kimoja, na wastaafu waliojaa safu yao ya jukwaa kila Jumapili, majani ya koka mashavuni, wakimtukana refa kwa majina ya vipuri. Baba yake Erlinda alikuwa mmoja wao hadi alipokufa. Wastaafu hao wasingepanda lori kwenda changarawe kutazama mpira. Wangebaki nyumbani, na kila mmoja angekufa peke yake.

"Saini, compadre. Nusu saa nyingine tu."

Gumercindo alitazama viatu vyake. "Tukipata pointi tatu leo tunaingia kwenye mchujo wa kupanda. Vijana wangu wamo humu ndani, wanasikia. Nikisaini, sitoki mlango huu na meno yangu."

"Ulipokuja kwangu na kofia mkononi, mimi niliwauliza vijana wangu?"

"Hukuwauliza."

Erlinda alisubiri. Gumercindo hakusaini.

Erlinda alipiga simu hospitali akiwa tayari anatembea. Sauti ya mwanamke ilimjibu juu ya kelele za simu nyingine. "Mama, leo ni Convite. Magari yote yako njiani kwa wacheza ngoma. Hapa hatuna hata baiskeli."

Alikuwa amesahau Convite. Ilikuwa ile Jumapili ambayo vikundi vyote vya ngoma vinakwenda kwa miguu hadi kanisani kwa Bikira kuweka nadhiri ya kucheza Kanivali, na mji mzima unakwenda navyo. Njia yao ilipita mitaa michache tu kutoka uwanjani. Erlinda alikimbia. Hewa ya Oruro ni nyembamba hata kwa aliyezaliwa humo, na alipofika kwenye tarumbeta za kwanza kifua chake kilikuwa kinawaka.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa kwenye kona. Dereva wake, mtu wa makamo mwenye masharubu, alikuwa anakunywa api, kinywaji cha moto cha mahindi, na kula mkate wa kukaanga. Kando yake alikaa nesi mwenye uso wa kuchoka.

"Mpira?" nesi alisema baada ya kumsikiliza. "Mama, hapa kuna maelfu ya watu wanacheza ngoma na wamekunywa tangu asubuhi. Na wewe unataka gari kwa ajili ya mpira?"

"Timu gani?" dereva aliuliza.

"Maestranza."

Dereva akakiweka chini kikombe chake. "Maruja, mimi baba yangu alikuwa karakana. Nyundo yake bado iko kwangu."

"Nicanor, usianze."

"Sijaanza. Naongea na bosi tu."

Aliongea na bosi kwa redio, mgongo wake ukiwaelekea. Erlinda alisikia maneno machache: kona ya juu, gari jingine, wastaafu. Nicanor alipogeuka alikuwa anatabasamu.

"Twende. Bosi anasema tubaki uwanjani hadi filimbi ya mwisho. Ingia mbele, mama, na ushike api yangu."

Erlinda alimpigia Limbert simu. "Ninalo!" alipaza sauti. "Tunakuja! Vaeni viatu!" Upande wa pili alisikia chumba kizima kikipiga kelele, na mtu akigonga kabati kwa ngumi.

Gari lilikwenda polepole. Mbele yake kulikuwa na kikundi cha ngoma ya Morenada, wanaume waliovaa suti za kijivu na kofia, kila mmoja akizungusha kayamba la mti, na nyuma yao bendi ya tarumbeta. Nicanor alipiga honi, nao wakasogea kwa madaha ya watu waliokwisha kunywa. Katika safu ya mwisho mzee mmoja alipiga magoti. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa watu hupiga magoti siku hiyo. Kisha mzee akaanguka mbele, juu ya kayamba lake.

Bendi iliendelea kidogo, kisha tarumbeta zikanyamaza moja moja. Mikono ikaanza kugonga vioo vya gari.

Walimpakia. Hapakuwa na swali la kumpakia au kutompakia. Maruja alikuwa ameshuka kabla gari halijasimama. Binti wa mzee, mwanamke wa umri wa Erlinda, alipanda nyuma huku anazungumza bila kupumua.

"Ana dawa za moyo. Leo hakunywa. Alisema dawa na pombe havipatani, akaacha dawa. Baba! Mwambieni asilale!"

"Wewe, mama wa mpira," Maruja alisema. "Njoo nyuma. Shika hii juu. Juu zaidi."

Erlinda akashika mfuko wa dripu. Maruja aliweka viganja vyake juu ya kifua cha mzee, akaanza kukandamiza. Nicanor aliwasha king'ora. Barabara iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, ile iliyopita nyuma ya uwanja. Hospitali ilikuwa mbele ya hapo.

Mahesabu yalifanyika kichwani mwa Erlinda bila yeye kuyaomba. Nusu saa ya refa ilikuwa haijaisha. Uwanja ulikuwa njiani. Gari lilikuwa hili hili.

"Pitia uwanjani," alisema.

Maruja aliendelea kukandamiza.

"Dakika moja, Nicanor. Refa alione tu, apulize filimbi. Kisha tunaondoka."

Binti wa mzee aliinua macho. Hayakuwa na hasira. Alikuwa hajaelewa. "Uwanja gani?" aliuliza.

Erlinda aliinua mfuko juu zaidi. Alilijua lango la magari. Lilifungwa kwa mnyororo, na mlinzi mwenye ufunguo alikaa upande wa pili, kwenye dirisha la tiketi, kwa sababu huko kulikuwa na jua. Bwana Ovando angetoka chini ya jukwaa, angetazama mitungi ya hewa, angefungua masanduku ya dawa, na angetaka saini ya nesi. Haikuwa dakika moja. Alilijua hilo wakati anatamka neno dakika.

Gari likakata kona na uwanja ukatokea. Ndani yake watu walikuwa wamekisikia king'ora. Kelele ilianza upande wa kusini, kwa wastaafu na watoto wao, ikazunguka jukwaa zima, hata upande wa Estaño, kwa sababu watu walikuwa wamekuja kutazama mpira na si kutazama nyasi. Erlinda aliijua kelele hiyo. Aliwahi kuisikia kwa mabao, na si mara nyingi.

Nicanor akapunguza mwendo.

"Doña Erlinda. Niingie au nipite? Sema sasa. Mimi nikiamua, nitaingia."

"Nicanor!" Maruja alifoka, mikono yake haikuacha kazi.

"Sijakuuliza wewe. Doña?"

Mzee alikuwa amepotewa na kiatu kimoja. Soksi yake ilikuwa imeshonwa kidoleni kwa uzi wa rangi nyingine, kazi ya mtu mwenye subira. Erlinda alitaka kusema ingia. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Alifikiri: pengine amekwisha kufa. Alifikiri: pengine hatakufa, dakika tano si kitu, watu wanangoja zaidi ya hapo kwenye foleni ya hospitali yenyewe. Alimtazama Maruja ili asome jibu usoni mwake, lakini Maruja alikuwa anahesabu kwa sauti na hakumtazama mtu.

"Pita," alisema.

Nicanor hakuongeza mwendo. Ama hakusikia, ama alimpa nafasi ya pili.

"Pita! Pita, bwana, pita!"

Gari liliruka mbele. Kelele ya uwanja ilipanda pamoja na king'ora, ikafika juu kabisa walipokuwa sambamba na lango, kisha ikavunjika vipande, kama inavyovunjika pale mpira unapogonga mwamba wa goli. Ikabaki sauti ya kuhesabu ya Maruja. Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwa Erlinda. Mikono yake ilikuwa juu, imeshika mfuko. Simu ilitetemeka, ikaacha, ikaanza tena.

Mlangoni mwa hospitali walimpokea mzee kwa kitanda cha magurudumu. Binti yake alikwenda nacho na hakugeuka nyuma. Milango ikafungwa. Maruja alikaa chini ukingoni mwa barabara, akakunja vidole vyake, akavikunjua.

"Ataishi?" Erlinda aliuliza.

"Ningekuwa najua hayo, ningekuwa natoza pesa," Maruja alisema. Kisha, bila ukali, akaongeza: "Panda. Labda refa wako ana saa mbovu."

Saa ya Bwana Ovando haikuwa mbovu. Alikutana nao langoni, amekwisha kuvaa koti.

"Nilisubiri nusu saa, Doña. Na dakika mbili nilizitoa mfukoni mwangu. Zaidi ya hapo ningekuwa mwizi."

"Gari ndilo hili."

"Naliona. Ningeliona mapema ningefurahi zaidi."

Chini ya jukwaa, Estaño hawakuwa wanaimba. Walivaa nguo zao haraka, kama watu waliokunywa kwenye karamu ya mtu wasiyemjua. Gunia alisimama Erlinda alipopita, akafungua mdomo, akaufunga. Gumercindo alikuwa anamngoja kwenye ujia, amejiegemeza ukutani.

"Comadre, sijashangilia."

"Najua."

"Lile gari lilipokuja, nilisema afadhali. Haki ya Mungu nilisema afadhali, tucheze. Muulize Gunia."

"Sina haja ya kumuuliza."

"Jumamosi ni siku ya kuzaliwa ya mwanangu wa ubatizo," alisema, na sauti yake ikashuka. "Sijui kama nije."

"Njoo. Yeye hachezi mpira."

Wachezaji wa Maestranza walikuwa wamehamia chumba cha mwenyeji. Mtu alikuwa amefungua bomba la maji ya moto na kuliacha, na mvuke umejaa. Walikaa wamevaa jezi kamili, viatu vimefungwa barabara, kama walivyoambiwa kwa simu. Limbert alisimama.

"Tulikisikia king'ora," alisema. "Jukwaa zima lilisimama. Kipa akavaa glavu. Tukajipanga pale kwenye ujia, wawili wawili. Kisha kikapita. Jamaa wakasema hilo si letu, hilo ni la Convite, letu linakuja." Alimeza mate. "Lilikuwa letu?"

"Lilikuwa letu."

"Na wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani."

"Na hukumwambia asimame?"

"Nilimwambia asimame. Kisha nikamwambia apite."

Kiungo mdogo wa kushoto alitukana chini chini, mtu akamkanyaga mguu. Limbert alikuwa fundi wa magari ya mizigo na hakuwa mtu wa maneno. Alimtazama Erlinda kwa muda mrefu, na Erlinda alitamani ampigie kelele.

"Kulikuwa na mgonjwa?"

"Mzee wa Morenada. Moyo."

"Amepona?"

"Sijui."

"Ungetuambia tu kwamba amepona, Doña," Limbert alisema. "Ungetusaidia."

"Sijui, Limbert."

Nahodha akakaa. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, na wengine wakamfuata.

Mlango ukagongwa. Aliingia kijana mwenye tai, mwakilishi wa Vinto, kilabu cha tatu kati ya vile vitano, ambacho mechi yake ilikuwa inafuata. Aliona nyuso, akashusha sauti, lakini alikuwa na haraka na hakuweza kuificha.

"Doña Erlinda, poleni sana. Samahani. Lile gari la wagonjwa pale nje, mmemaliza nalo? Letu limekwama kwenye Convite, na refa ameshaanza kutazama saa."

Mtu mmoja chumbani alicheka, kicheko kibaya kifupi. Erlinda alitoka na kijana huyo hadi langoni. Nicanor alikuwa amekaa ndani ya gari, injini imezimwa, mikono yake bado juu ya usukani.

"Bado una ruhusa?" alimuuliza.

"Hadi filimbi ya mwisho, ndivyo alivyosema bosi. Hakusema ya mechi ipi."

"Basi baki. Wape hawa."

Kijana wa Vinto alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, akashukuru tena, akakimbia kumwita refa wake. Nicanor aliingiza gari ndani, akaliegesha karibu na kibendera cha kona, mahali sheria inapotaka.

Juu ya jukwaa la kusini wastaafu walikuwa bado wamekaa kwenye safu yao, mikono katikati ya magoti dhidi ya baridi. Walijua kuhusu mabao matatu ya mezani, maana kipaza sauti kilitangaza. Hakuna aliyewaambia king'ora kilikwenda wapi. Mmoja wao aliliona gari la wagonjwa kwenye kona, akamgusa mwenzake, wakaanza kunyoosha vidole na kubishana, sauti zao zikipanda, na Erlinda alisikia kutoka chini kwamba walidhani uamuzi umefutwa na mechi yao inaanza.

Akaanza kupanda ngazi.